Modeli rasmi katika mifumo ya benki: fedha iko wapi muamala unapokatika njiani?

Mfanyabiashara aliyeko Namanga anatuma malipo kwa muuzaji wa Nairobi. Salio lake limekatwa, lakini muuzaji anasema hajaona kitu. Lori limefika kwenye bohari tangu asubuhi, mzigo haupakiwi mpaka fedha ionekane, na dereva anahesabu saa. Mfanyabiashara anapiga simu benki na kuambiwa asubiri kwa sababu mtandao ulikuwa na matatizo. Swali lake ni moja tu: fedha yangu iko wapi sasa hivi?

Ziko benki zinazoweza kulijibu swali hilo kwa dakika chache, na ziko zinazolijibu baada ya wiki. Mara nyingi tofauti haitokani na bidii ya karani wa dirishani, bali na jinsi mfumo ulivyobuniwa. Je, wabunifu waliandika kila hali ambayo muamala unaweza kuwamo, pamoja na zile za kukatikia katikati? Au walichora ile njia ya mambo yakienda vizuri tu? Makala haya yanaeleza mbinu ambazo benki na wataalamu wa kompyuta hutumia kuandika hali hizo zote, na kuzikagua kwa hesabu kabla mfumo haujajengwa. Mbinu hizo huitwa modeli rasmi.

MODELI RASMI NI NINI

Neno "rasmi" hapa lisimchanganye msomaji. Halina uhusiano na mihuri wala nembo ya serikali. Maana yake ni kwamba maelezo ya mfumo yameandikwa kwa lugha ya hisabati ambayo kila alama ina maana moja tu, kiasi kwamba watu wawili hawawezi kuyasoma kwa namna mbili. Mkataba ukisema "malipo yatafanyika baada ya mzigo kupokelewa", mnunuzi anaweza kuelewa kupokelewa mpakani na muuzaji akaelewa kupokelewa bohari ya mwisho. Katika modeli rasmi utata wa namna hiyo hauwezi kubaki umejificha, maana mwandishi analazimika kutaja ni tukio gani hasa, linafuata lipi na linazuia lipi.

Sababu ya pili ya kutumia hisabati ni wingi. Chukua muamala wenye hatua 10, na kila hatua inaweza kufaulu au kushindwa. Hapo tayari kuna michanganyiko 1,024. Hatua zikiwa 20 michanganyiko ni 1,048,576. Hakuna kikosi cha watu wa majaribio kinachoweza kukaa kwenye kompyuta na kuijaribu yote mmoja mmoja, na makosa mabaya hupenda kujificha kwenye michanganyiko ambayo hakuna aliyeifikiria. Kampuni ya Amazon, ambayo wahandisi wake walianza kutumia lugha ya TLA+ ya Leslie Lamport mwaka 2011, iligundua katika mfumo wake wa kuhifadhi data kosa ambalo lilihitaji hatua 35 zifuatane kwa mpangilio maalumu ndipo litokee. Majaribio ya kawaida hayakuwa yameliona. Kikaguzi cha modeli, yaani programu inayopita hali zote moja baada ya nyingine, ndicho kilicholiona.

POCHI YA MONDEX

Mfano unaofundisha zaidi kuhusu benki ni wa Uingereza. Mwaka 1990 benki ya NatWest ilianza kubuni Mondex, kadi yenye chipu ambayo ilikuwa pochi ya elektroniki. Fedha ilikaa ndani ya kadi yenyewe, na kadi moja iliweza kuilipa nyingine moja kwa moja bila kuuliza benki. Majaribio ya wazi yalianza katika mji wa Swindon mwaka 1995.

Msomaji anaona hatari iliyopo. Hakuna kompyuta ya katikati inayosimamia. Ikiwa kadi mbili zinaweza kudanganywa zikaongeza fedha ambayo haikuwepo, benki imeruhusu watu kuchapa noti nyumbani. Kwa hiyo NatWest ilitaka mfumo upite kiwango cha juu kabisa cha vipimo vya usalama vya Ulaya vya wakati huo, ITSEC E6, ambacho kilidai uthibitisho wa kihisabati. Susan Stepney na David Cooper wa kampuni ya Logica, pamoja na Jim Woodcock wa Oxford, waliandika modeli kwa lugha iitwayo Z, na cheti kikapatikana mwaka 1999.

Walianza na kanuni mbili ambazo mwenye duka yeyote angezielewa. Kwanza, jumla ya fedha katika kadi zote isiongezeke kamwe kwa sababu ya muamala. Pili, kila senti ihesabike: ukijumlisha salio la kadi zote na fedha iliyorekodiwa kuwa imepotea njiani, jumla ibaki ile ile. Hapo wabunifu hawakuahidi kwamba fedha haitapotea njiani kamwe. Waliahidi kwamba ikipotea, itajulikana imepotea, kiasi gani na kutoka kwa nani. Kwa maoni yetu ahadi hiyo ni bora kuliko matangazo mengi ya "huduma ya uhakika" tunayoyasikia redioni.

Sasa tuangalie malipo yenyewe. Kadi inayopokea inatuma ombi: nipe 20. Kadi inayotoa inakata 20 kwenye salio lake, kisha inatuma ujumbe wenye thamani hiyo. Kadi inayopokea inaongeza 20 na kurudisha risiti. Kadi inayotoa ikiona risiti inafunga muamala. Kila muamala una namba yake ya mfuatano, hivyo ujumbe wa jana hauwezi kurudiwa leo ukahesabiwa upya.

Kwa nini kadi ikate kabla ya kutuma, na siyo baada ya kupata risiti? Kwa sababu ingengoja risiti, mtu angeweza kuchomoa kadi baada ya mwenzake kupokea na kabla ya yeye kukatwa, na 20 zingekuwa 40. Wabunifu waliamua kwamba fedha kupotea kwa muda ni afadhali kuliko fedha kuzaliwa. Mifumo mingi ya malipo hufuata hoja hiyo hiyo, ndiyo maana wewe hukatwa kwanza na mwenzako huongezewa baadaye.

Tuseme kadi imechomolewa katikati. Kadi iliyokwisha kutoa fedha bila kupata risiti inaandika katika kumbukumbu yake ya hitilafu. Kadi iliyokuwa inangoja fedha bila kuipata nayo inaandika. Baadaye benki inazilinganisha kumbukumbu hizo mbili. Kama muamala umeandikwa kote kuwili, fedha ilipotea kweli na mtoaji anarudishiwa. Kama umeandikwa upande wa mtoaji tu, basi mpokeaji alipata na kilichopotea ni risiti. Hakuna wa kurudishiwa. Kama umeandikwa upande wa mpokeaji tu, mtoaji hakukatwa kitu. Hali zote zimefungwa, na hakuna haja ya kubishana dirishani.

Kazi ya uthibitisho ilikuwa kuonyesha kwamba maelezo haya marefu, yenye ujumbe unaopotea na kadi zinazochomolewa, hayafanyi lolote ambalo zile kanuni mbili zinalikataza. Modeli ya juu ilikuwa na kurasa karibu 20, ile ya undani karibu 60, na uthibitisho karibu kurasa 200. Katika kuthibitisha, waligundua kosa kwenye sehemu ya pembeni ya itifaki: hesabu ilikataa kufunga, na pale ilipokataa palionyesha wazi mfano wa jinsi mambo yangeharibika. Muundo ukabadilishwa kabla ya kadi kutoka. Mwaka 2006 vikundi vya watafiti katika nchi mbalimbali viliirudia kazi hiyo kwa kutumia programu za kompyuta zinazokagua uthibitisho. Viliukuta uthibitisho wa mkono ukiwa mzuri kwa ujumla, ingawa dosari ndogo ndogo zilionekana.

Mondex haikudumu sokoni. Watu hawakuipenda vya kutosha, na hisabati haiwezi kumlazimisha mteja kubeba kadi asiyoitaka.

BAO NA BARUA YA DHAMANA YA MALIPO

Siyo kila kitu cha benki ni ujumbe wa kompyuta. Barua ya dhamana ya malipo, ambayo wengi wetu tunaiita LC, ni mwendo wa makaratasi, watu na tarehe. Kwa kazi kama hiyo hutumika zaidi modeli iliyoanzishwa na Mjerumani Carl Adam Petri katika tasnifu yake ya mwaka 1962, inayojulikana kama wavu wa Petri.

Anayecheza bao ataielewa upesi. Kuna mashimo, na kuna kete. Shimo ni hali, kwa mfano "hati zimewasilishwa" au "mzigo uko forodhani". Kete ikiwemo shimoni, hali hiyo ni ya kweli sasa. Kati ya mashimo kuna matendo, na tendo linaweza kufanyika tu iwapo kila shimo linalolilisha lina kete. Likifanyika, linachukua kete zile na kuweka nyingine mbele. Mholanzi Wil van der Aalst alionyesha katika miaka ya 1990 jinsi ya kukagua kazi za ofisini kwa njia hii. Alitaka mambo matatu: kutoka hali yoyote mtu aweze kufika mwisho, mwisho ukifika pasibaki kete inayozagaa nyuma, na pasiwe na tendo ambalo haliwezi kutokea kamwe.

Tuchukue kisa cha kubuni, ingawa mawakala wa forodha watakitambua. Mnunuzi wa Kampala anaagiza mabati kutoka kwa muuzaji wa Mombasa kwa LC. Anaogopa kuletewa mabati mepesi, hivyo anaomba benki iweke sharti kwamba miongoni mwa hati za kuwasilishwa kiwepo cheti cha ukaguzi kilichosainiwa na mtu wake Malaba. Inaonekana ni busara. Sasa weka kete. Mtu wa Malaba hawezi kufungua mzigo mpaka forodha iuachie. Forodha haiuachii bila hati za mzigo. Hati za mzigo ziko benki, na benki haizitoi mpaka muuzaji awasilishe hati zote kamili, pamoja na cheti cha ukaguzi. Cheti hakitoki mpaka mzigo ufunguliwe.

Kete zimekwama na hakuna tendo linaloweza kufanyika. Lori linasimama, gharama za kusubiri zinapanda kila siku, na kila mmoja wa wahusika anatimiza wajibu wake sawasawa. Kikaguzi cha modeli kingelionyesha fundo hili kabla LC haijafunguliwa. Hata bila kompyuta, mtu mwenye karatasi, kalamu na punje kumi za mahindi angeliona.

Benki yenyewe haina wajibu wa kukutazamia fundo hilo. Chini ya kanuni za UCP 600 za Chemba ya Kimataifa ya Biashara, zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2007, benki inashughulika na hati na siyo na bidhaa, na ina siku zisizozidi tano za kazi za kibenki baada ya hati kuwasilishwa kuamua kama zinakubalika. Sharti likiandikwa, litafuatwa kama lilivyoandikwa. Kwa hiyo muuzaji anayeona sharti linalotegemea saini ya mnunuzi au mtu wake aombe libadilishwe kabla hajapakia. Cheti cha kampuni huru ya ukaguzi, kinachotolewa mahali pa kupakia, kinaondoa fundo hilo.

MENEJA NA FUNDI MITAMBO

Tatizo jingine ni la ndani ya benki. Upande wa biashara huchora shughuli: nani anaidhinisha nini, taarifa za mteja ziende wapi. Upande wa kompyuta huchora seva, nyaya na programu. Michoro hii miwili huanza ikifanana, kisha kila mmoja hubadilishwa kivyake, na baada ya miaka michache haifanani tena.

Watafiti wa Luxembourg na Berlin, akiwemo Christoph Brandt na Frank Hermann, walilishughulikia jambo hili pamoja na benki ya Credit Suisse na kuchapisha kazi yao mwaka 2009. (Benki hiyo ilimezwa na UBS mwaka 2023.) Wazo lao lilikuwa kuchukulia kila mchoro kama grafu, yaani nukta na mistari, na kuandika kanuni za hisabati zinazounganisha grafu ya biashara na ile ya kompyuta. Ukibadilisha upande mmoja, kanuni zinaonyesha nini kibadilike upande wa pili, na masharti ya usalama yanakaguliwa kwa mashine badala ya kutegemea kumbukumbu ya mzee mmoja wa idara. Meneja hakulazimika kujifunza hisabati. Aliendelea na mchoro wake.

KADI ZA CHIPU

Modeli rasmi inaweza pia kutumika kwa kitu kilichokwisha jengwa zamani. Kiwango cha EMV, kinachoendesha kadi nyingi za benki zenye chipu duniani, kina maelezo ya kurasa zaidi ya 2,000. Mwaka 2020 David Basin, Ralf Sasse na Jorge Toro-Pozo wa chuo cha ETH mjini Zurich walikiandika kiwango hicho kama modeli na kukikagua kwa programu iitwayo Tamarin. Ikaonekana kwamba katika malipo ya Visa ya kugusa tu, ile taarifa inayoamua kama namba ya siri inahitajika haikulindwa dhidi ya kubadilishwa njiani. Walijaribu kwa simu mbili na kadi zao wenyewe, na wakaweza kulipa kiasi kikubwa bila namba ya siri. Kiwango hicho kilikuwa kimetumika kwa miaka mingi, na wataalamu wengi walikuwa wamekisoma.

KISICHOMO NDANI YA MODELI

Hata hivyo uthibitisho unahusu kile kilichoandikwa tu. Februari 2016 wezi waliingia kwenye kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh na kutuma maagizo kwa njia ya SWIFT kwenda Federal Reserve Bank ya New York, wakiomba karibu dola milioni 951. Maagizo mengi yalizuiwa, lakini dola milioni 81 zilifika Ufilipino. Ujumbe waliotuma ulikuwa na umbo halali, kutoka kwenye mfumo halali. Modeli inayochukulia kwamba mwenye nywila ndiye mwenye mali isingeona kosa lolote hapo. Benki ikisema mfumo wake "umethibitishwa", swali la haki ni: umethibitishwa kwamba nini, na mkichukulia kwamba nini?

TURUDI NAMANGA

Malipo kati ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki yanaweza kupita mfumo wa EAPS, ambao unaunganisha mifumo ya benki kuu kama TISS ya Tanzania, iliyoanza mwaka 2004, na KEPSS ya Kenya, iliyoanza mwaka 2005. Kwa njia hiyo fedha ya mfanyabiashara wetu inagusa vitabu vya taasisi nne: benki yake, Benki Kuu ya Tanzania, Benki Kuu ya Kenya na benki ya muuzaji. Ziko sehemu tatu za kukabidhiana, na muamala unaweza kusimama kwenye yoyote kati ya hizo.

Kwa hiyo anapopiga simu, asiulize kama fedha "imeenda". Aulize kitabu cha mwisho kilichoiandika ni cha nani, na muamala uko katika hali gani kwa sasa. Aulize pia muda wa juu wa kukaa katika hali hiyo kabla haujarudishwa. Jambo linaloumiza wengi ni kutuma mara ya pili wakati ya kwanza haijulikani ilipo. Kabla ya kubonyeza tena, ajue kama jaribio la pili litabeba namba ile ile ya kumbukumbu au namba mpya. Likibeba ile ile, mfumo ulioundwa vizuri utalitambua kuwa ni marudio. Likibeba mpya, hayo ni malipo mawili, na kurudishiwa moja kutategemea hiari ya aliyepokea.

Kwa malipo yanayopita SWIFT iko namba iitwayo UETR, yenye herufi, tarakimu na vistari 36 kwa jumla, ambayo tangu Novemba 2018 imekuwa ya lazima kwenye ujumbe wa malipo ya wateja. Haibadiliki kutoka benki ya kwanza hadi ya mwisho. Benki inaweza kukupa ukiomba, na muuzaji akiwa nayo anaweza kuipeleka kwenye benki yake ili malipo yatafutwe kutokea upande wa pili. Iandike kwenye daftari pamoja na saa, kiasi na jina la karani, na mpe dereva nakala kabla hajaondoka.